Siku Meli Ilipopita Kimya

Nikimwambia mtu kwamba ujanani nilikuwa baharia, huanza kunitazama kwa heshima, akidhani nimefika Bombay. Sikufika popote. Nilizunguka ziwa moja miaka yote ile, Musoma, Mwanza, Bukoba, Kisumu, kisha Musoma tena, na muda mwingi wa kazi nilikuwa nimesimama mahali pamoja, nyuma ya winchi ya mbele, mikono yangu juu ya vyuma viwili. Kimoja cha kupandisha, kingine cha kushusha. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha, ikanioza mke, ikanipatia chumba cha kupanga Nyakato, huko Mwanza, chenye bati lililovuja upande mmoja tu.

Meli yetu ilikuwa ya mizigo. Abiria walikuwa na meli zao, zenye vitanda na chai ya kikombe, na walipotupita ziwani walitupungia mikono kwa huruma. Sisi tulibeba saruji, mabati, mafuta ya taa, ng'ombe wakati mwingine, na zaidi ya yote pamba. Pamba ililetwa gatini Musoma kwa malori kutoka Bunda, marobota yaliyoshindiliwa na kufungwa kwa mikanda ya chuma. Asiyelijua robota la pamba hudhani ni godoro. Likimwangukia mtu, hakuna cha kuuguza. Kwa hiyo wakati wa kupakia hakuna aliyecheka wala kupiga soga, hata wale ambao kucheka ndiyo ilikuwa kazi yao nyingine.

Mwendesha winchi haoni tumbo la meli. Mzigo ukishazama chini ya sitaha, macho yake yote yako kwa mtu mmoja anayesimama ukingoni na kuchungulia ndani. Kwetu mtu huyo alikuwa serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, mwanamume mpana wa upande wa Butiama, Mkatoliki aliyepiga ishara ya msalaba kila mara kabla ya kufungua mfuniko wa meli, kisha akatutukana mpaka mfuniko ufungwe. Winchi ilipiga kelele hivi kwamba sauti haikusaidia kitu. Tulisemezana kwa mikono. Kiganja kikielekea chini, shusha. Kidole kikizunguka hewani, pandisha. Ngumi ikifungwa, simama, na usipumue. Nilizoea ishara zile hata nyumbani, mke wangu akalalamika kwamba namwomba chumvi kwa kidole kama vile yeye ni robota.

Chakula kilikuwa ugali na maharage, na samaki tukiwa karibu na visiwa. Mpishi alikuwa mtu mkarimu asiyejua kupika, na ukimwambia hivyo alikuongezea. Tulilala chini mbele, mahali ambapo maji yalikuwa yanagonga chuma karibu na sikio. Ziwa lile watu wa mbali hulidharau kwa sababu halina chumvi, lakini likichafuka huwa halina adabu. Nimewaona wanaume waliozaliwa juu ya mitumbwi wakitapika mpaka wakaomba wateremshwe popote.

Nahodha wetu alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kunywa chai isiyo na sukari hata kabla sukari haijaanza kuadimika. Enzi zile kila mtu alikuwa ndugu, naye tulimwita Ndugu Nahodha, jambo ambalo nadhani lilimkera kidogo. Lakini alikuwa na desturi moja iliyotufanya tumpende. Meli ikipita mbele ya kwao baharia yeyote mwenye mzazi aliye hai, alipiga honi mara moja, ndefu, bila kuombwa. Alikuwa amekariri pwani yote kwa wazazi wetu. Hapa mama wa fundi mitambo, pale baba wa mpishi. Na upande wa Majita, kabla ya kugeuka kuelekea Musoma, mahali penye majabali matatu yaliyoegemeana, alikuwepo mama yangu.

Mji wetu ulikuwa juu kidogo ya maji. Nyumba ya udongo na nyasi, zizi lililobaki na mbuzi tu, mihogo, na kaburi la baba kando ya ua. Baba alifariki mwaka mmoja baada ya uhuru, na mimi nilikuwa mtoto wa pekee aliyeishi. Mama alipoisikia honi alitoka na khanga na kuipunga juu ya kichwa. Kutoka melini alionekana mdogo sana, lakini nilimtambua kwa namna alivyosimama, mguu mmoja mbele, kama mtu anayetaka kugombana. Mabaharia wenzangu walipunga pia. Serahangi alisema yule ni mama wa meli nzima. Ilikuwa raha yangu kubwa katika kazi ile, na sioni aibu kusema kwamba wiki nzima niliweza kuvumilia maharage ya mpishi kwa ajili ya dakika zile chache.

Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Mimi si mtu wa siasa. Niliyasikia redioni, nikaona yana maana: watu wakae pamoja, wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Mtu anayeishi melini, kitanda chake kikiwa kimebanana na vya wenzake, hawezi kuona ubaya wa kukaa karibu na jirani. Huku kwetu kijiji kipya kilipimwa ndani zaidi, mbali na ziwa, nyumba zimepangwa kwa mistari kando ya barabara. Majirani wa mama walianza kuhama mmoja mmoja, wengine kwa hiari, wengine baada ya kusukumwa. Mama hakukataa. Alisema tu kwamba anamsubiri mwanawe.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo mama ataonekana mkaidi, na hakuwa mkaidi. Kwetu mjane hahamishi jiko lake mwenyewe. Mwanawe mkubwa huchota makaa kwenye mafiga ya zamani, huyabeba kwenye kigae cha chungu na kutangulia, na mama humfuata nyuma bila kugeuka mpaka mahali papya. Huko yule mwana huwasha moto, na mama hupika kwa moto huo. Aliyebeba moto ndiye mwana wa mji ule. Mwana akikosekana, mtu mwingine wa ukoo anaweza kuombwa, si haramu, lakini tangu siku hiyo mwana ni huyo mwingine. Ndiye atakayeketi upande wa ndani, ndiye atakayechimba udongo wa kwanza mama akifa. Yule wa kuzaliwa anabaki kuwa mtu wa heshima anayekuja kusalimia.

Nikaenda kuomba ruhusa. Wakati wowote mwingine ningepewa kabla sijamaliza sentensi. Lakini mwaka ule mvua ilikuwa imekosekana, mihogo imekauka ardhini, na nchi ilikuwa inaletewa mahindi ya manjano kutoka nje, yale watu waliyoyaita yanga. Yalifika Mwanza kwa treni, na sisi tuliyachukua kupeleka bandari nyingine. Likizo zote zilisimamishwa. Tena mwenzangu wa winchi alikuwa amelazwa Mwanza na mguu uliovunjika, kwa hiyo melini mtu wa winchi alikuwa mmoja tu, mimi. Nahodha alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nisubiri mwenzangu apone. Nikamwambia vijana wa operesheni ya kuhamisha watu hawatasubiri mguu wa mtu. Akasema anajua.

Safari iliyofuata, tukitoka Mwanza na mahindi, tulipita mbele ya yale majabali matatu wakati wa asubuhi. Nahodha akapiga honi kama kawaida. Nilikuwa nimeshikilia chuma cha ukingo, nikatazama, na kwanza nikadhani nimekosea mahali. Nyumba ilikuwa haina paa. Nyasi zote zilikuwa zimeondolewa, kuta zimebaki wazi, na majirani hakuna hata mmoja, ni magofu tu. Mama akatokea katikati ya zile kuta. Akapunga khanga, akapunga kwa nguvu, kuliko siku zote nilizowahi kumwona. Kisha akainama na kuanza kukusanya vyombo. Moyo wangu ulipoa kidogo. Nilimwambia serahangi, angalau anapata nguvu za kupunga.

Tulifika Musoma, tukafunga kamba. Nje ya geti la bandari watu walikuwa wamejaa na magunia matupu, wengi wao wanawake, wamekaa chini. Kabla sijapanda kwenye winchi niliitwa na mama mmoja muuza samaki, mtu wa kwetu, aliyekuwa akileta sato wakavu kwa mtumbwi. Ndiye aliyekuwa akinipelekea mama salamu na sabuni. Aliniuliza kwanza nimepata ruhusa ya siku ngapi. Nikamwambia sina ruhusa yoyote. Akakaa chini juu ya kapu lake.

Alinieleza kwamba mama alimtuma kwangu tangu wiki iliyopita, akaja Musoma, akakuta tumekwenda Bukoba. Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi: paa wameliondoa, wamempa muda mfupi, naye hana namna ya kujua kama nimeruhusiwa. Kwa hiyo nimjibu kwa meli. Nikipata ruhusa, tupige honi, naye atafungasha, akae na moto wake mpaka nifike. Nikishindwa, tupite kimya, naye hatanilaumu, atamwita mtu mwingine wa ukoo abebe.

"Sasa mlipopita kwetu, mlipiga?" akaniuliza.

"Huwa tunapigaga," nikamjibu. "Kila siku tunapigaga, mama. Nahodha ndivyo anavyofanyaga."

Nilimwomba arudi kwa mtumbwi siku hiyo hiyo amwambie mama asinisubiri. Akasema atakwenda, lakini upepo ukimruhusu atafika kesho kutwa, na hata akifika haitasaidia. Jirani zake waliohama walikwisha kumwambia mama kwamba mtu wa meli hawezi kupewa likizo na njaa hii, naye akawajibu kwamba atasikiliza sauti ya mwanawe tu, ile honi. Hakutaka tena kusikia la mtu. Kisha muuza samaki akanieleza jambo ambalo alikuwa anasita kulisema. Mvua zilikuwa zimeanza kudondoka huko, zile ambazo hazioteshi kitu ila humlowesha mtu. Mama alikuwa anaufunika moto kwa debe usizimike, na yeye mwenyewe ananyeshewa.

Nilikimbia kwa nahodha na maneno yakanitoka hovyo. Hasira nilikuwa nayo, lakini sikujua ya kumpa nani. Nilimwomba siku mbili. Alitoka nami mpaka nje ya chumba cha usukani, akaniacha nitazame mwenyewe: tumbo la meli limejaa mahindi, winchi imenyamaza, na kule getini wale wanawake na magunia yao. Malori ya kuyapeleka Bunda yalikuwa yamepanga mstari. Afadhali angenitukana, ningeweza kutukana pia na kuondoka zangu. Nikarudi kwenye winchi, nikapandisha mahindi mpaka giza likaingia, gunia kwa gunia, kwa ajili ya mama za watu.

Tulipomaliza, amri ilikuwa kurudi Mwanza mara moja kuchukua mengine. Maana yake tungepita tena pale pale. Nilimwomba nahodha jambo la mwisho, kwamba tukifika mbele ya yale majabali tusimame, anishushe na mashua ya kuokolea, nikimbie nikabebe ule moto, nitarudi nikiogelea ikibidi. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Alinijibu kwa upole, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Ndugu yangu, mwamba wa pale unaujua. Na ile mashua inashuka kwa mtu anayezama tu."

Mama yangu hakuwa anazama. Alikuwa amekaa nchi kavu ananyeshewa, na kwa hilo kanuni za meli hazikuwa na kifungu.

Basi nikasimama pale nikifikiri, na kila nilipogeuka nilikuta ukuta. Honi ikilia, mama ataendelea kunisubiri kwenye mvua, na mimi siendi. Honi isipolia, atamwita mtu mwingine, naye atabeba moto, na mji wa baba utakuwa na mwana mwingine. Hakukuwa na njia ya tatu. Nilitafuta ya tatu mpaka kichwa kikaniuma. Kisha nikamwambia nahodha, tukifika kwetu, tafadhali usipige.

Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema sina, lakini usipige.

Tulifika pale mchana. Mvua ilikuwa imekatika, jua kali, maji yametulia kabisa, siku ambayo mtu angeona mbuzi jabalini. Mabaharia wote walijua, maana melini hakuna siri, wakatoka na kusimama ukingoni upande ule, hata mpishi na mwiko wake. Mama alikuwa ametuona kutoka mbali. Alikuwa tayari amesimama nje ya zile kuta, khanga mkononi, vitu vyake viwili vitatu vimefungwa pembeni, na nyuma yake moshi mwembamba ulitoka chini ya debe. Alikuwa anasubiri honi ndipo apunge. Hakuwahi kupunga kabla ya honi.

Meli ikaenda. Injini ilikuwa inanguruma kama siku zote lakini mimi nilisikia ule ukimya tu. Tukawa mbele yake kabisa. Mama akainua mkono nusu, akaushusha. Akapiga hatua kuja majini. Hapo mkono wangu ulianza kupanda wenyewe, nataka kumpungia tu, ajue nipo, ajue nimemwona. Serahangi alikuwa amesimama mbele yangu. Aligeuka, akaniona, akainua ngumi yake iliyofungwa.

Alikuwa sahihi. Mama angeuona mkono wangu, angesema nimemjibu, angekaa tena chini ya mvua na debe lake. Nikaushusha mkono. Nikasimama nimenyooka mbele ya mama yangu kama mtu asiyemjua, na serahangi hakuifungua ile ngumi mpaka yale majabali yakaanza kupungua nyuma yetu. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mtu yule wa matusi. Mimi yangu hayakutoka siku ile. Jambo la mwisho nililoliona ni kwamba mama aliichukua khanga na kujifunga kiunoni, kama mwanamke anayekwenda kufanya kazi.

Mwenzangu wa winchi alipona, nami nikapewa likizo ndefu, na nahodha akaniongezea siku bila kuombwa. Nilipanda lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, kisha nikatembea. Kijiji kipya sikukipata kwa shida, mistari yake ilionekana tangu mlimani. Bomba halikuwa limefika, lakini shule ilikuwa imeanza, na watoto walinionyesha nyumba ya mama wakikimbia mbele yangu. Ilikuwa nyumba nzuri, sitasema uongo. Ukuta umesawazishwa, paa la nyasi mpya limekatwa vizuri pembeni. Ilijengwa na mwanamume mmoja wa ukoo wetu, wa rika langu, mkulima wa pamba mwenye mikono mizito na maneno laini. Ndiye aliyekuwa ametangulia na kigae cha makaa siku ya kuhama. Alitoka kunipokea mlangoni, akanipokonya mzigo, akaniuliza habari za ziwa, na alipoona natazama pale aliposimama, akatazama chini.

Mama alinikumbatia muda mrefu. Alikuwa amekonda, na kikohozi alichokipata kwenye ile mvua hakikuwa kimekwisha. Hakuniuliza chochote kuhusu meli. Aliniuliza mke wangu hajambo, bati la Nyakato limezibwa, mpishi amejifunza kupika. Akaniwekea kigoda karibu na mlango, mahali wageni wanapokaa, nami nikakaa. Yule ndugu yetu aliketi upande wa ndani, mgongo ukutani. Hakujivuna. Alikaa pale kwa sababu pale ndipo alipopaswa kukaa.

Jioni mama aliinjika ugali, na kuni zilikuwa mbichi. Moto ukaanza kufifia. Tangu nikiwa mtoto kazi ya kuupuliza moto wa mama ilikuwa yangu, wala sikufikiri, niliinuka kwenye kigoda, nikapiga goti kwenye mafiga, nikanyoosha mkono kusogeza kinga cha moto.

Mama akanishika kiwiko, taratibu, kama mtu anavyomzuia mgeni asijichoshe.

"Acha, mwanangu," akasema. "Mwenye moto yupo."

Yule ndugu yetu akaja, akapiga goti mahali pangu, akapuliza. Nami nikarudi kwenye kigoda cha mlangoni, nikasubiri kukaribishwa chakula.